Ekseli Moja Ingetosha

Baba yangu alikuwa fundi wa magari ya serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo alitengeneza magari ya wakubwa. Alipostaafu akasema sasa anataka kutengeneza lake: dogo, la viti viwili, lililokaa chini, la kukimbia. Alitaka aliendeshe mwenyewe Jumapili moja, kutoka kwetu Kinanira mpaka Kibenga ziwani. Sijawahi kumsikia akitaka kitu kingine kwa ajili yake mwenyewe.

Mimi ndiye niliyeliharibu jambo hilo.

Tulianza na mzoga wa gari lililozama kwenye mafuriko ya Buterere. Injini ilipona, na ekseli ya nyuma ilikuwa nzima: chuma kimoja kinene kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama za pikapu. Baba akaigonga kwa nyundo, akasikiliza, akatabasamu.

"Iyi tu inatosha," alisema. "Mu miezi tatu tunatembea."

Lakini mimi, bintiye, nilikuwa nimetoka chuoni na diploma ya umakanika, na diploma ile ilikuwa inaniwasha. Nikamwambia ekseli moja ni ya kubebea mihogo. Gari la michezo, nilisema, kila gurudumu la nyuma lishikwe peke yake, kwa mikono mitano ya chuma, kila mkono na urefu wake na pembe yake, ili gari likikata kona tairi libaki limekanyaga sawasawa. Nikamchorea, tena kwa kalamu za rangi tatu, Mungu anisamehe.

Baba aliufuata mchoro kwa kidole mpaka mwisho. "We ndiyo umesoma," akasema.

Kwetu neno hilo hufunga mjadala. Mzazi aliyejinyima ili mtoto asome huona haya kumsahihisha, hata wakiwa wawili tu. Ni kama kukiri kwamba karo ilipotea bure. Nililijua hilo, na nikalitumia.

Basi kila Jumamosi, kazi za pamoja za mtaa zikiisha, tuliingia uani. Mimi nilipima, yeye akachomelea. Mikono kumi kwa jumla, na kila mkono unataka bushi kwenye ncha zake mbili, yaani kipande cha mpira ndani ya chuma ili kiungo kicheze bila kugonga. Bushi za kiwandani za vipimo vyangu hatukuzipata mjini, tukachonga zetu kutoka matairi ya lori, kama mafundi wa katambuga. Mpira ule haukujua hesabu. Nikipanga pembe asubuhi, mchana nikikaa kwenye gari, pembe zimehama, maana bushi ishirini zinalegea kila moja kwa upande wake. Nilichora upya, baba akakata na kuchomelea upya. Akiniuliza litaisha lini, nilimjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Mzee wa miaka sabini, na mimi namfundisha subira.

Mwaka wa pili, alasiri moja, nilikaa na daftari nikapiga hesabu zote kwa uaminifu. Jibu lilikuwa wazi. Kwa bushi zile, pembe zangu zote zilikuwa zinamezwa na mpira. Kwa barabara zetu na mwendo wetu, ile ekseli moja ingekwenda sawa na kazi yangu, na ingenyooka zaidi. Ilikuwa bado imeegemezwa ukutani, hatua nne kutoka nilipokaa. Kuifunga ilikuwa kazi ya wiki mbili. Nilijitia hamnazo, nikaanza mchoro wa sita.

Msimu wa mvua uliofuata baba alianguka bafuni. Kiharusi, upande wa kushoto. Daktari alisema mazoezi, na kila asubuhi nilimkunja mguu na kuunyoosha, nikihesabu kwa sauti, kama vile na huo ungenyooka kwa vipimo. Mkono ulirudi kidogo. Mguu haukurudi, na mguu wa kushoto ndio wa klachi.

Gari lilikamilika miezi minne baadaye. Petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Nilipata bidoni moja ya lita kumi. Jumapili nilimfunga baba vifungo vya shati, nikamkalisha kiti cha abiria, tukateremka polepole tukikwepa mashimo. Njia nzima hapakuwa na kona hata moja iliyostahili mikono mitano.

Kibenga nilisimamisha gari, nikazima injini. Baba akaomba akae kwenye usukani. Nilimbeba, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Akashika usukani kwa mikono yote miwili. Nikaunyanyua mguu wake, nikauweka juu ya klachi. Ukateleza. Nikauweka tena, nikaushikilia hapo kwa kiganja, nimepiga magoti barabarani, na sikujua nifanye nini baada ya hapo.

"Papa," nikasema, "ile ekseli ingetosha. Nilijua tangu mwaka wa pili."

Hakunitazama. Alikuwa anaangalia mbele, barabarani.

"Na mi nilijua unajua," alisema. "Nilikuwa nangojea tu we useme."