Sahani ya Bi Zuhura

Harufu ya ndizi mbivu zinazotokota kwa tui na iliki hunipandisha moto usoni mpaka leo. Ni aibu, jamani, na leo nawatolea nyinyi.

Ramadhani ile baba alikuwa mgonjwa, kazi hana. Miaka yote mama alikuwa akipeleka futari nyumba saba. Mwaka ule alipakua sahani tatu tu. Mbili zikaenda kwa bibi na kwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Ya tatu nilijua ni ya shangazi yangu wa Mlandege, aliyekuwa akinipaka hina na kuniita roho yake.

"Hii ya Bi Zuhura," mama akasema.

Ebo! Bi Zuhura, jirani yetu mkavu wa macho, juzi tu kamtukana mama mbele ya watu bombani!

"Na shangazi je?"

"Shangazi atatusamehe mwaka huu. Haya, upesi, magharibi hiyo inaingia."

Nikatoka nimevimba. Mlangoni kwa Bi Zuhura nikapita kama sipaoni, nikaenda zangu Mlandege. Shangazi akanibusu, akaipokea sahani. Mkeka mzima ulikuwa umejaa sahani zilizofunikwa kawa, hata pa kutia mguu hapana. Nikiwa navaa viatu ukumbini, nikamsikia akimwambia binti yake: "Ndizi tena! Hizi wape kuku."

Mtume! Ndizi za mama, mama aliyekuna nazi na saumu yake!

Nilifika nyumbani adhana inalia. Mama akaniuliza, "Bi Zuhura kapokea?" Nikaangua kilio, nikasema yote. Nilingojea kofi. Mama akashika kichwa.

"La haula! Mdomo wa Bi Zuhura umemkimbizia watu wote, mwanangu. Hana anayempelekea ila sisi."

Akaichukua sahani yake mwenyewe, akaifunika, akaipeleka. Aliporudi alifuturu tende na maji, akatwambia kashiba.

Nilimwamini. Mpaka nilipopata jiko langu mwenyewe, huko Chukwani, na chungu kisichotosha, ndipo nilipoelewa alikuwa akihesabu nini. Mimi nilitazama nani anatupenda. Yeye alitazama nani atakosa tusipokwenda. Na siku ile aliyekosa ni mama yangu, na aliyemkosesha ni mimi.