Maksai Aliyegeuka Kompyuta

Feni zilizunguka. Hilo ndilo lililomtesa Scola kuliko yote. Kama mashine ingekaa kimya kabisa angejua imekufa, akaanza kuiombolezea. Lakini kila alipobonyeza kitufe feni zilivuma, taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye bodi, na kioo kikabaki cheusi. Kiliandika tu kwamba hakipati mawimbi, kisha kikazimika.

"Inapumua lakini haiongei," alisema Athanasi, kinyozi wa chumba cha jirani, amesimama mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi. "Mgonjwa wa hivi kwetu tunamwitia watu."

"Nenda kanyoe."

"Mteja mwenyewe nimemwacha nusu kichwa. Amesema atasubiri, na yeye anataka kujua mwisho wake."

Chumba cha Scola kilikuwa kando ya barabara pale Dutwa. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba hapa hurekodiwa nyimbo za kwaya, na huhaririwa video za harusi na za misiba. Neno misiba aliliongeza mwisho, baada ya kufikiri sana. Ujana wake aliumalizia Mwanza katika duka la kompyuta, akipuliza vumbi kwenye mashine za watu na kuzifunga tena. Ndoa ilipovunjika akarudi Zagayu kwa mama yake, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye begi moja na ujuzi ambao kijijini hakuna aliyejua aukalishe wapi.

Kwa ajili ya ujuzi huo maksai mmoja aliuzwa. Baba yao, Mzee Malimi, alipofariki aliacha maksai wawili waliozoeana sana. Ukimfunga mmoja nira, mwenzake alikuja mwenyewe kusimama upande wake. Luhende, kaka yake Scola, ndiye aliyelima nao. Mama ndiye aliyesema mmoja auzwe, binti anunue vifaa na kujiundia mashine yake ya kazi. Luhende alibisha jioni nzima, mpaka mama akamwambia kwamba maksai ni wa marehemu mume wake, si wa mwanawe. Tangu hapo Luhende hakuzungumza na mama ila habari za kazi. Mahali pa maksai aliyeuzwa akamfunga ng'ombe jike wa maziwa, naye ana mimba.

Sasa mvua zilikuwa zimeanza, na mashine haikuwaka. Habari zilipofika nyumbani, Luhende alipiga simu.

"Kama vifaa ni vibovu," alisema, "nitakwenda na wewe Mwanza. Nitasimama kwenye mlango wa huyo muuzaji mpaka avibadilishe. Lakini kama kosa ni lako, funga hicho chumba urudi uongoze ng'ombe mpaka tumalize kulima. Huyu jike haendi bila mtu mbele yake."

"Kaka, nimewaahidi kwaya. Wanataka video yao kabla ya Krismasi."

"Kwaya wataimba. Walikuwa wanaimba kabla hujazaliwa."

Scola alikubali, kwa sababu aliiamini mikono yake. Hata hivyo alijua kwamba akifunga chumba wakati huu kwaya watakwenda Bariadi mjini, na kwaya ikishaondoka huwa hairudi. Leo Luhende alikuwa njiani kuja kusikia jibu.

Alikuwa amekwisha kufanya yote aliyofundishwa. Alibadilisha waya wa kioo, akaazima kioo kingine dukani, kikawa cheusi vilevile. Alichomoa na kuchomeka kila waya wa umeme. Alitoa betri ndogo ya bodi, akaacha mashine ikae, akairudisha. Ram, kile kijiti cha kumbukumbu, aliitoa nafasi ya kwanza akaipeleka ya pili, kisha akairudisha. Feni zikavuma, basi.

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuirudia safari ya ile mashine tangu mwanzo.

Aliiundia Zagayu, uani, juu ya ngozi ya ng'ombe. Yeye alitaka kuiundia hapa Dutwa kwenye umeme, lakini mama alikataa. "Mnyama katoka kwenye boma hili," alisema. "Huyu aliyekuja mahali pake naye azaliwe hapahapa, watu wamwone." Wakaja majirani. Scola akafunga bodi ndani ya kasha, akapandisha prosesa na feni yake, nao wakapiga vigelegele kana kwamba anatoa ndama. Ram peke yake hakuiweka. Aliogopa itachomoka njiani, akaifunga kwenye kitambaa na kuitia kwenye pochi.

Aliporudi kutoka kuwaaga wazee, alimkuta mama amepiga magoti mbele ya kasha. Alikuwa ameuchana mto wake wa kulalia, na pamba yote, pamba ya shamba lao iliyochambuliwa kwa vidole, alikuwa anaishindilia tumboni mwa mashine.

"Njia yetu ina mawe," alisema. "Pikipiki itakirusha, kitapasuka matumbo."

Scola alicheka, akamwacha. Kule Mwanza angemfukuza mtu kwa kosa hilo. Lakini ule ulikuwa mto wa mama. Alipofika Dutwa aliitoa pamba kwa mikono, akapuliza, akaiweka ram mahali pake, akaona amemaliza.

Scola akasimama.

"Athanasi! Nipe sindano. Na tochi ya simu yako."

Aliichomoa ram, akamulika ndani ya ile nafasi nyembamba. Chini kabisa kulikuwa na mstari mweupe ambao siku zote aliudhani ni mng'ao wa plastiki. Akautia sindano, akavuta polepole. Ukatoka uzi wa pamba, na nyuma yake kipande cha ganda la mbegu, kidogo kama kucha ya mtoto. Nafasi ya pili nayo ikatoa wake.

"Mlimnyoa nani humo?" aliuliza Athanasi.

Scola alisafisha, akaikandamiza ram mpaka ikalia kah, akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka. Maandishi meupe yakashuka, na mashine ikaanza kuuliza apewe kazi.

Athanasi akapiga mluzi. "Mbona hushangilii?"

Alikuwa anautazama ule uzi kiganjani. Hakukuwa na kifaa kibovu. Hakukuwa na muuzaji wa kusimamiwa mlangoni. Kulikuwa na yeye, na kulikuwa na mama.

Luhende aliingia na tope mpaka magotini.

"Mwadila," alisalimia.

"Mwadila, kaka."

Alikitazama kioo kwa muda. "Inafanya kazi."

"Inafanya."

"Ilikuwa nini? Vifaa?"

"Mzee, huwezi kuamini," alidakia Athanasi, "kumbe ni ile pa—"

"Athanasi, mteja wako ana nusu kichwa."

Kinyozi alimtazama usoni, akafumba mdomo, akatoka.

"Ni mimi," alisema Scola. "Ram sikuikalisha vizuri."

"Miaka yote ile ya Mwanza?"

"Ndiyo."

Luhende alifuta tope mkononi kwa suruali. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. "Mama aliniambia kazi hii wewe hukosei," alisema. "Ndiyo maneno aliyonishindia."

"Leo nimekosea."

"Yule jike amenilalia kwenye mtaro jana. Nikamwinua, akalala tena." Akakigeuzia kioo mgongo. "Tulikubaliana, Scola."

"Najua."

Alizima mashine, akaifunika kwa khanga. Alipokuwa anafunga mlango Athanasi alimsogelea. "Kwaya niwaambie nini?"

"Waambie baada ya kulima."

"Watakwenda mjini hao."

"Najua, Athanasi."

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika Zagayu. Mama alikuwa uani anapepeta mahindi. Aliweka ungo chini, akamtazama binti yake, kisha begi lake, kisha mwanawe.

"Imewaka?"

"Imewaka, mayu."

"Sasa begi la nini?"

"Nimekuja kuwasaidia kulima. Itanisubiri."

Mama alimtazama tena, kwa muda mrefu zaidi. "Na ile pamba? Ilisaidia njiani?"

Luhende alikuwa amesimama karibu, anafungua kamba za nira, na mikono yake ikatulia.

"Ilisaidia sana," alisema Scola. "Hakuna kilichotikisika."

Mama akamgeukia Luhende, akainua kidevu kidogo, kisha akarudi kwenye ungo wake. Luhende akaendelea na kamba.

Scola aliingiza begi chumbani. Mto wa mama ulikuwa kitandani, umeshonwa upya kwa uzi mweusi, bapa, hauna kitu ndani ila vitambaa vichache. Ule uzi wa pamba alikuwa nao bado, umejiviringisha mfukoni. Nje Luhende alimwita, akamwambia aje amshike jike masikio, apate kumzoea kabla ya kesho.