Picha ya Taata Ukutani

Nikipewa kahawa ya kutafuna ugenini, naipokea ila siitafuni. Harufu yake inanirudisha sebuleni kwetu Kamachumu, siku baba alipotoka gerezani.

Alifungwa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama aliniambia tu kwamba yuko Bukoba. Nikamchora Taata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, ukutani kwa mkaa jinsi mama alivyonisimulia: mrefu, mabega mapana, anacheka. Kila asubuhi niliiamkia ile picha kabla sijanawa uso.

Siku hiyo akaja mtu mwembamba. Mlango ulikuwa wazi, lakini alisimama nje mpaka mama akamwambia, "Ingia basi." Aliingia, akasimama tena mpaka alipoambiwa akae. Mama akamletea kahawa kwenye kikapu kidogo, kile cha wageni. Akachukua punje mbili, akashukuru kwa sauti ya chini, akatafuna huku akiutazama ukuta.

"Nani huyo?" akaniuliza.

"Ni Taata," nikamjibu. "Yuko Bukoba, atarudi."

Mama akainamisha kichwa, asinisahihishe. Yule mtu aliitazama picha mpaka kahawa ikamwishia mdomoni.

"Akirudi," akasema, "umsalimie."