Kipande cha Kwanza cha Kitunguu

Mke wangu alifariki Ijumaa, mwezi wa nane, kabla ya mvua za kwanza. Tulimzika Ujiji jioni ileile. Matanga yalipokwisha na majirani wakaacha kuleta chakula, dada yake aliyekuja kutoka Kasulu aliniambia, "Shemeji, nakaa hadi Jumapili ijayo. Nikiona watoto wanashindia ugali mkavu, naondoka nao."

Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa sijawahi kupika mchuzi.

Jioni hiyo nilimimina mawese chunguni, nikatia vitunguu vyote, kisha migebuka, samaki wetu wa ziwani. Mchuzi ulinuka mafuta mabichi. Watoto walimega ugali na hawakuuchovya kwenye bakuli.

Asubuhi nilienda sokoni. Vitunguu vyekundu tunavyonunua vingi hutoka Singida. Mama anayeviuza husema asili yake ni mbali zaidi, ng'ambo ya bahari, na kwamba vilifika huku na misafara. Nimeishia darasa la saba, siwezi kumbishia. Mke wangu alikuwa akitunywesha maji ya kitunguu na asali tukikohoa. Sijui kama ndiyo yaliyotuponya au kikohozi kilichoka chenyewe. Lakini mchuzi wake naujua.

"Mawese uliyapasha kwanza?" yule mama aliuliza.

"Niliyapasha pamoja na vitunguu."

"Baba, hapo ulichemsha vitunguu. Na wewe mtu wa Kigoma." Alicheka, na wenzake wakacheka. "Tupia kipande kimoja kwenye mafuta. Kikiwa cheusi kitoe, kimeshabeba ile harufu. Ndipo utie vingine, moto mdogo, mpaka vilainike."

Alhamisi niliviunguza. Ijumaa nilipunguza kuni, lakini niliharakisha kutia samaki. Watoto walionja, basi.

Jumamosi shemeji alivuta kigoda akakaa karibu na mafiga. Nilisubiri kipande kiwe cheusi, nikakitoa. Nilitia vingine, nikavikoroga polepole hadi vikalegea na kuwa vyekundu kama mafuta yenyewe.

Watoto walichovya. Mdogo aliomba aongezwe mchuzi. Shemeji alimega tonge, akamega jingine.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Kesho nitapunguza."

"Punguza. Wasije wakanywa maji usiku kucha."

Jumapili alipanda basi la Kasulu peke yake. Niliporudi kutoka stendi, nilimenya vitunguu vya mchana.