Maharage Yanayoitwa ya Marehemu Mke Wangu

Nimewaficha watoto wangu jambo hili: maharage ambayo shamba moja la Ndera linayagawa kwa jina la marehemu mama yao si yake. Niliyanunua sokoni.

Nina miaka themanini na mmoja, mwalimu mstaafu, naishi Kanombe, hapa Rwanda, kwa binti yangu mkubwa. Nitamwita Uwera, ingawa si jina lake. Moyo wangu umechoka, na daktari ameacha kunipa tarehe za kurudi. Ananiambia tu nipumzike. Admin, jina langu ulifiche, ila maneno yangu usiyapunguze.

Mke wangu nilimwoa Karagwe, Tanzania, tulikokulia wote wawili ukimbizini. Siku ya kuolewa mama yake alimpa mbegu za maharage, mchanganyiko wa rangi nne, alizotoka nazo Rwanda zikiwa zimefungwa kwenye kanga. Kwetu mbegu ni kazi ya mwanamke. Kila msimu mke wangu alipanda, akavuna, akachagua punje nzima, akazipaka majivu zisitobolewe na wadudu, akazirudisha kwenye mtungi wake. Tuliporudi nchini, mtungi ule hakuupakia kwenye lori. Aliupakata njia nzima.

Alifariki miaka sita iliyopita. Miaka miwili iliyopita Uwera akajiunga na shamba hilo: unalipia msimu mzima, nao kila Jumatano wanakuletea nyumbani kikapu cha mazao ya mbegu za zamani. Kilinichosha tangu wiki ya kwanza. Mimi ningetaka wali laini na yai. Naletewa isogi, mboga chungu niliyoikimbia tangu utotoni, na nyanya zilizopasuka.

"Baba, hizi ndizo nyanya za asili," Uwera akasema.

"Za asili ndizo zenye funza?"

"Funza ni ushahidi kwamba hazina dawa."

Basi nikala ushahidi.

Baadaye shamba likaomba kila familia ilete mbegu za nyumbani kwao. Uwera akaniuliza, "Baba, ule mtungi wa mama bado una maharage?" Nilijua hauna hata punje moja. Nikamjibu, "Yapo." Sijui kwa nini neno lile lilitoka haraka hivyo. Nimefundisha miaka thelathini na minane, nimeadhibu watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Kesho yake, wakati huo miguu bado ikinibeba, nilipanda basi hadi soko la Gitega, humu humu mjini. Nikainama juu ya magunia ya mama mmoja, nikachagua punje moja moja: nyekundu, njano, nyeusi, na zile zenye madoa. Mama yule akachoka nami. "Muzehe, unachagua maharage ama unachagua mukwe?" Wanawake wote wa upande ule wakacheka. Nilirudi nyumbani, nikayapaka majivu ya jiko, nikayatia mtungini. Jioni Uwera alipofunua alilia, akaingiza mkono, akanusa vidole vyake.

Uwera akayapeleka shambani yapandwe, na sasa kila yakivunwa, dada mwenye shamba huja nayo mwenyewe. Husimama getini na kuita, "Muzehe! Leo iko maharage ya mama yetu!" Pakiti ina karatasi yenye jina la mke wangu. Nami lazima nile mbele yao, niseme ni matamu. Yana maganda magumu kama karatasi, na meno yangu mnaweza kuyakisia.

Mwezi uliopita alikuja mdogo wa marehemu mke wangu, kutoka Karagwe. Alitafuna kidogo, akaweka kijiko chini.

"Shemeji, haya ni yale ya dada kweli?"

"Ni yale."

"Ya dada yalikuwa yanayeyuka."

Uwera akacheka. "Mama mdogo, ulimi nao unazeeka. Huo ni udongo wa Ndera tu."

Yule mama alinitazama, akaisukuma sahani yake kando. Ndiye peke yake aliyesema kweli mezani pale, nami nikamwacha aonekane amepungukiwa akili.

Mwisho wa msimu huu shamba litagawa mbegu hizi kwa familia zote zikapandwe majumbani. Uwera ameandika historia ya mbegu hizo, kuanzia ile kanga hadi kwenye mtungi, na ataisoma mbele ya watu. Mimi ndiye nitakayekabidhi pakiti ya kwanza. "Mama alituachia kitu kimoja tu, Baba," aliniambia, "na sasa hakitapotea tena."

Nikimwambia, nitamnyang'anya mama yake mara ya pili. Nisipomwambia, nitazikwa na uongo utakaoendelea kuota kila mvua ikinyesha. Nyinyi mnaosoma hapa, wengi mna umri wa Uwera. Ningekuwa baba yenu, mngetaka niwaambie, au ninyamaze? Nipeni neno lenu mapema, sina misimu mingi.

Ila msinijibu kabla hamjajua yale ya kweli yalikwenda wapi. Wiki ya mwisho ya mke wangu hospitalini mvua ilianza. Aliisikia dirishani, akaniuliza, "Umeshapanda?" Nikasema nimepanda. Siku mbili baadaye akauliza tena, "Yameota?" Nikasema yameota, tena vizuri. Akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hakuniuliza kitu kingine hadi alipofariki. Ukweli ni kwamba siku aliponiuliza mara ya kwanza nilirudi nyumbani nina njaa, duka liko hatua chache, nikaona uvivu kwenda. Nilimimina mtungi wote, nikayaosha yale majivu kwa maji matatu, nikayapika. Na siku ile niliyomwambia yameota, yaliyobaki yalikuwa kwenye sufuria nyumbani. Nilirudi, nikayapasha moto, nikayamaliza.