Darasa la Mtu Mmoja

Siku ile ingali machoni mwangu, mwanangu. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimeketi mbele ya mkuu wa idara katika chuo kikuu huko bara, wakati nchi zetu za Afrika Mashariki zikitegemea chuo hicho kimoja. Mwalimu wetu wa takwimu, mgeni kutoka Ulaya, alikuwa amemaliza mkataba na kurudi kwao. Nasema "wetu" kwa mazoea tu. Mwanafunzi wake nilikuwa mimi peke yangu.

"Mwanafunzi mmoja hatuwezi kumwajiria mwalimu," mkuu akaniambia kwa upole. "Chagua somo jingine."

Mwaka mzima nilikuwa nimesoma takwimu kwa mifano ya mavuno ya shayiri, nafaka ambayo sijaiona shambani mpaka leo, nikijiambia nitarudi Unguja nikadirie karafuu zetu. Jioni wenzangu wakibishana juu ya masomo yao, nami sina wa kubishana naye. Nikikosea, nilikosea peke yangu. Nikipatia, hakuna aliyejua. Upweke wa ugenini dawa yake ni barua ya nyumbani. Upweke wa kujua jambo usiloweza kumwambia mtu, dawa yake sikuijua.

Likizo nikarudi kwetu Malindi, hapa mjini Unguja, nikajifungia ghorofani na vitabu, watu wakidhani nnasoma. Shangazi yangu, Bi Zuhura, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani, akapanda ngazi polepole, maana magoti yalishamchoka, akaketi kitandani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unalia nini?"

"Somo langu limefungwa. Hakuna mwengine anayelitaka."

"Uliwauliza?"

Nikatikisa kichwa.

"Watoto walipoanza kukimbilia skuli, chuo changu cha Kurani kilibaki na kitoto kimoja. Sikukaa kuwangoja. Nilivaa buibui nikapita mlango kwa mlango. Mwanafunzi hatafutwi kwa machozi, mwanangu."

Niliporudi bara nikabisha hodi kwa waliosoma kilimo na waliosoma uchumi. Wachache wakakubali, tukaenda pamoja kwa mkuu. Akatusikiliza, akatushukuru, mwalimu hakuletwa. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tuliinama, ila mvunguni hamkuwa na kitu. Nikahitimu kwa jiografia.

Lakini zile alasiri tulizokaa na vitabu alivyoviacha mwalimu, tukikosoana mpaka tukanuniana, ndipo nilipoielewa takwimu. Baadaye nikasomesha hesabu hapa mjini. Msichana mmoja niliyemsomesha akaenda ng'ambo kusomea takwimu. Nilimngoja miaka mingi. Hakurudi, na simlaumu. Hapa angezungumza na nani?

Sasa wewe unaniambia mko wachache katika darasa lenu la takwimu, mwalimu leo yupo kesho hayupo, na mifano yote ni ya nchi za watu. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu. Tafuta wenzako kabla hujawahitaji. Kitabu kikisema shayiri, wewe shika karafuu, au nenda mnadani ukapime samaki. Na ukishajua, usiondoke bila ya kumwachia mtu, hata awe mmoja. Somo haliuawi na ugumu wake. Huuawa na kukosa warithi.

Mwenyezi Mungu akufungulie kifua, akupe afya, na akujaalie uzee wenye watu wa kukuuliza maswali.