Msusi Atafuta Giza

Msusi alikuwa na darubini nzuri, ila mahali pa kuitumia hakuwa napo. Juu ya paa lake, taa za duka la jirani zilimeza nyota zote. Alipojaribu uwanja wa mpira, mlinzi alimkurupukia akipiga kelele, "Mama, weka silaha chini!" Mtaa mzima ukacheka wiki nzima.

Wifi yake, aliyekuwa akiishi naye, akamwambia, "Acha, utapigwa risasi kwa ajili ya vimulimuli."

"Kuuliza si ujinga," msusi akajibu. Kesho yake akafunga saluni mapema, akaenda ofisi ya matangi ya maji kule kilimani. Meneja alimsikiliza, akakuna kichwa, kisha akasema, "Nyuma ya matangi hakuna taa, uzio upo na mlinzi yupo. Njoo jioni, lakini usije peke yako."

Basi wifi akaburutwa, huku akilalamika njia nzima kuhusu mbu na baridi. Giza lilipotanda, msusi alilenga darubini, akarekebisha lenzi, akamsukuma wifi mbele.

"Hiyo ni Zohali, sayari yenye pete. Tazama."

Wifi akainama, akafumba jicho moja.

"Mungu wangu, ina pete kweli!" akasema. "Sasa mume wake ni yupi?"

Mlinzi wa matangi akaangua kicheko, akaja kutazama naye. Wifi hakutaka kumpisha.

"Panga foleni, kaka," akasema. "Mimi bado namtafuta bwana harusi."